Kwa nini namba nzima hazikutosha

Karibu kila aliyesoma hisabati ya shule ya msingi kwa Kiswahili anaweza kuisema sentensi hii bila kufikiri: kila namba nzima ni namba kamili, lakini si kila namba kamili ni namba nzima. Sentensi hiyo ni sahihi, na katika mtihani inatosha kumpatia mwanafunzi alama yake. Hata hivyo, katika kufundisha hisabati nimeona mara nyingi kwamba anayeijua sentensi hiyo peke yake hujikwaa mapema, kwa sababu haimwelezi namba kamili zilitoka wapi, zilihitajiwa kwa ajili gani, wala kwa nini kanuni zake za alama ziko kama zilivyo. Anabaki na orodha ya amri za kukariri, na amri za kukariri husahaulika pale pale zinapohitajika.

Tuweke kwanza majina mahali pake. Namba za kuhesabia ni 1, 2, 3 na kuendelea. Ukiziongezea sifuri, unapata namba nzima: 0, 1, 2, 3 na kuendelea bila mwisho. Ukiziongezea namba nzima zile namba hasi, yaani -1, -2, -3 na kuendelea, unapata namba kamili, ambazo hazina mwisho upande wowote wa mstari wa namba. Nusu, robo na desimali kama 2.5 hazimo katika seti yoyote kati ya hizi tatu. Sifuri nayo ni namba nzima na ni namba kamili, lakini si chanya wala si hasi. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa ni swali ninaloulizwa na wazazi wanaowasaidia watoto wao kazi za nyumbani kuliko swali jingine lolote juu ya mada hii.

Sasa tuingie kwenye kiini. Ukijumlisha namba nzima mbili zozote, jibu ni namba nzima. Ukizidisha, vivyo hivyo. Unaweza kuendelea kujumlisha na kuzidisha maisha yako yote, na hutajikuta umetoka nje ya namba nzima hata mara moja. Kutoa ndiko kunakoleta taabu. Wakati mwingine kutoa kunakubali, kama 9 - 4, na wakati mwingine kunagoma, kama 4 - 9, na kabla ya kufanya hesabu inakubidi uangalie kwanza ni ipi kubwa. Namba kamili zilizaliwa kutokana na dai moja tu: kwamba kutoa nako kukubali siku zote, pasipo masharti.

Mtu anaweza kuuliza kama dai hilo lina maana yoyote nje ya daftari. Lina maana, na mfano ninaoupenda uko hapa kwetu Tanzania. Uso wa Ziwa Tanganyika, ziwa tunalochangia na Kongo, Burundi na Zambia, uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu kabisa ni takriban mita 1,470. Je, sakafu ya ziwa, pale penye kina hicho, iko kwenye mwinuko gani? Hesabu yenyewe ni ya kutoa: unaanzia kwenye uso wa ziwa na kushuka kiasi cha kina chake, yaani 773 - 1,470. Kwa mwenye namba nzima peke yake, hesabu hiyo haina jibu. Anachoweza kufanya ni kuigeuza, atoe 773 katika 1,470, apate 697, kisha aongeze maneno pembeni: "chini ya usawa wa bahari." Mwenye namba kamili haigeuzi hesabu wala haongezi maneno. Anaandika -697, na lile neno la pembeni limekwisha kuingia ndani ya namba yenyewe.

Huenda hilo likaonekana kuwa ni kufupisha maandishi tu. Faida halisi huonekana tunapoendelea kupiga hesabu. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, na kilele cha Mlima Kenya kina mita 5,199. Ukitaka kujua kimoja kinakipita kingine kwa kiasi gani, unatoa: 5,895 - 5,199 ni mita 696. Ukitaka kujua kilele cha Kilimanjaro kiko juu ya sakafu ya Ziwa Tanganyika kwa kiasi gani, mwenye namba nzima analazimika kubadili utaratibu, kwa sababu sasa sehemu moja iko juu ya usawa wa bahari na nyingine iko chini yake. Hapo hatoi tena, bali anajumlisha 5,895 na 697. Ana kanuni mbili, na kila mara inambidi achague mojawapo. Mwenye namba kamili ana kanuni moja: mwinuko wa juu toa mwinuko wa chini. Kwa hiyo 5,895 - (-697) ni 6,592, na jibu ni lile lile la mwenzake. Kanuni ya kwamba kutoa namba hasi ni sawa na kujumlisha, ambayo wanafunzi wengi huiona kama amri iliyoshuka kutoka mahali pasipojulikana, hapa inaonekana kwa macho kwamba isingeweza kuwa vinginevyo.

Watu walichukua muda mrefu sana kulikubali jambo hili. Diophantus, mwanahisabati wa Alexandria nchini Misri, alikutana na mlinganyo ambao leo tungeuandika 4x + 20 = 4, na akauhesabu kuwa ni upuuzi, kwa kuwa jibu lake ni -4. Hakuwa mtu wa akili ndogo. Kazi yake juu ya milinganyo ilisomwa kwa karne nyingi baada yake. Kwake namba ilikuwa ni kiasi cha vitu, na kiasi kilicho pungufu ya hakuna hakikuwa na maana.

China njia ilikuwa tofauti, na sababu yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Katika kitabu cha kale kiitwacho Sura Tisa za Sanaa ya Hisabati, milinganyo kadhaa ilitatuliwa kwa pamoja kwa kupanga vijiti vya kuhesabia katika safu, kisha safu moja ikatolewa katika nyingine hadi baadhi ya namba zitoweke. Anayetoa safu nzima hawezi kuchagua kila namba kwa zamu: mahali pamoja atatoa ndogo katika kubwa, na mahali pengine, katika tendo lile lile, atatoa kubwa katika ndogo. Bila namba hasi kazi inakwama katikati ya njia, hata kama jibu la mwisho ni chanya. Liu Hui, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho mwaka 263, alieleza kwamba vijiti vyekundu vitumike kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi.

India, mwaka 628, mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za sifuri na namba hasi akitumia lugha ya mali na deni. Alieleza kwamba deni likitolewa katika sifuri huwa mali, na kwamba deni likizidishwa kwa deni huwa mali. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa kuliko linavyopewa nafasi katika vitabu vyetu, kwa sababu hapo sifuri iliacha kuwa alama ya mahali patupu na kuwa namba inayojumlishwa na kutolewa kama namba nyingine, na bila sifuri ya namna hiyo, upande hasi na upande chanya haviwezi kuungana kuwa mfumo mmoja. Ulaya walisitasita kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1758, zaidi ya miaka elfu moja na mia moja baada ya Brahmagupta, Mwingereza Francis Maseres bado alikuwa akichapisha kitabu kizima cha kupinga matumizi ya namba hasi katika aljebra.

Pingamizi lao lilikuwa na uzito. Waliuliza: hizi namba ni kitu gani hasa? Ni rahisi kusema "tunaongeza -1, -2, -3," lakini kusema tu kwamba kitu kipo hakukifanyi kiwepo. Jibu linaloridhisha lilipatikana katika karne ya 19, wanahisabati walipoamua kujenga kila aina ya namba kwa kutumia zile zilizotangulia, na Mwitaliano Giuseppe Peano akaziwekea namba za kuhesabia misingi yake ya kimantiki mwaka 1889. Kwa upande wa namba kamili, ilitosha kuonyesha namna zinavyojengwa kutokana na namba nzima peke yake. Ujenzi huo hufundishwa chuo kikuu, lakini naamini mtu yeyote anayefuatilia msimamo wa ligi ana vifaa vyote vya kuuelewa.

Tuseme timu imefunga mabao 5 na kufungwa 8. Tofauti yake ya mabao ni -3. Timu nyingine imefunga 12 na kufungwa 15. Tofauti yake ni -3 pia. Nyingine haijafunga hata bao moja na imefungwa 3, nayo ni -3. Angalia kwamba namba zote zilizotajwa, 5 na 8, 12 na 15, 0 na 3, ni namba nzima. Hakuna aliyewahi kufunga mabao hasi. Kilicho hasi ni uhusiano kati ya namba nzima mbili. Basi wanahisabati walisema hivi: namba kamili ni familia ya jozi za namba nzima zenye tofauti moja, na -3 ni jina la familia ambayo ndani yake zimo (5, 8), (12, 15), (0, 3) na jozi nyingine zisizo na idadi.

Hapo msomaji makini atasema kwamba tumezunguka, kwa sababu tumetumia tofauti kueleza kitu ambacho ndicho tofauti yenyewe. Lakini kuna njia ya kutambua kama jozi mbili ni za familia moja bila kutoa chochote. Jumlisha namba ya kwanza ya jozi moja na namba ya pili ya jozi nyingine, kisha fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Majibu yakilingana, jozi hizo ni ndugu. Kwa (5, 8) na (12, 15): 5 + 15 ni 20, na 8 + 12 ni 20. Zinalingana. Tumejumlisha namba nzima tu, tendo ambalo halijawahi kugoma, na tumefanikiwa kuieleza -3 bila kuitaja alama ya kutoa. Kujumlisha jozi nako ni rahisi, kwa maana unajumlisha mabao ya kufunga peke yake na ya kufungwa peke yake. Timu yenye (5, 8) ikicheza michezo mingine na kupata (4, 2), sasa ina (9, 10), na hiyo ndiyo -3 + 2 = -1.

Kwa ujenzi huu ile sentensi ya shule ya msingi inapata maana iliyo nzito zaidi. Namba nzima 3 ni kitu kimoja. Namba kamili 3, ukiichukulia kwa ukali wa ujenzi huu, ni familia ya (3, 0), (4, 1), (5, 2) na nyinginezo. Si kitu kile kile kwa sura. Ila ukizipanga familia za (0, 0), (1, 0), (2, 0), (3, 0) na kuendelea, utakuta zinajumlishana, zinazidishana na zinapishana kwa ukubwa sawasawa na namba nzima zenyewe, bila tofauti hata moja. Kwa hiyo ndani ya namba kamili mna nakala timilifu ya namba nzima, na kwa kuwa hakuna hesabu yoyote itakayoweza kuzitofautisha, tunaziita kitu kimoja kwa haki kabisa.

Nirudi darasani, kwa maana hapa ndipo uhusiano huu unapoleta faida ya kila siku. Wanafunzi wa Tanzania wanaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mzuri, lakini unaposomwa juu juu, kujumlisha kunatangulia kutoa, na mtoto anayepewa 4 - 9 + 7 anajumlisha 9 na 7 kupata 16, halafu anatoa 16 katika 4 na kupata -12. Jibu sahihi ni 2. Kosa linatokea kwa sababu mtoto anaiona alama ya kutoa kama ukuta uliosimama kati ya 4 na kila kinachofuata, ilhali alama hiyo ni ya 9 peke yake. Katika namba kamili tendo la kutoa halihitaji kusimama peke yake: kutoa 9 ni kujumlisha -9. Hesabu ile inakuwa 4 + (-9) + 7, yote ni kujumlisha, na kwa kujumlisha mpangilio haujalishi. Anza na 4 na 7 upate 11, uongeze -9. Au anza na 4 na -9 upate -5, uongeze 7. Kote utafika kwenye 2. Ningependa kila mwalimu anayefundisha MAGAZIJUTO aongeze maelezo haya mara tu namba hasi zinapoanza kufundishwa, kwa kuwa ndiyo yanayoifanya kanuni ile ieleweke.

Kuhusu hasi mara hasi kuwa chanya, swali la "kwa nini" linastahili jibu kamili, na jibu si refu. Tunataka namba kamili zifuate sheria zile zile ambazo namba nzima zilizifuata. La sivyo, zisingekuwa upanuzi wa namba nzima, zingekuwa kitu kingine. Mojawapo ya sheria hizo ni kwamba kuzidisha mabano ni kuzidisha kila kilichomo ndani yake. Chukua -3 uizidishe kwa mabano (4 + (-4)). Ndani ya mabano mna sifuri, kwa hiyo jibu zima ni sifuri. Ukifungua mabano, unapata -3 mara 4, ambayo ni -12, jumlisha -3 mara -4. Jumla ya hivyo viwili lazima iwe sifuri. Ni namba gani ikijumlishwa na -12 inaleta sifuri? Ni 12 peke yake. Basi -3 mara -4 ni 12, na hakuna aliyetuamuru. Ukisema ni -12, jumla itakuwa -24, sheria ya mabano itavunjika, na pamoja nayo itavunjika kila hesabu inayoitegemea.

Upanuzi huu, hata hivyo, una gharama zake, na sioni vizuri kuzificha. Namba nzima zina iliyo ndogo kuliko zote, yaani sifuri. Namba kamili hazina. Ukubwa nao unahitaji kufikiriwa upya: -10 ni ndogo kuliko -3, ingawa iko mbali zaidi na sifuri, na mwanafunzi aliyezoea kuangalia tarakimu peke yake huchelewa kulikubali hilo.

Kugawanya hakukupata nafuu yoyote, kwa kuwa 7 kwa 2 bado haina jibu ndani ya namba kamili, na dai hilo lilisubiri ujenzi mwingine, ule wa sehemu. Hata kugawanya kwa kuacha baki kulipata utata ambao haukuwepo. Kwa namba nzima, 17 kwa 5 ni 3 baki 2, na hakuna mjadala. Kwa -17 kwa 5 kuna majibu mawili yanayojitetea: -3 baki -2, kwa kuwa -15 na -2 ni -17, au -4 baki 3, kwa kuwa -20 na 3 ni -17. Lugha za programu zimegawanyika juu ya hili: Python hutoa baki 3, Java na C hutoa -2. Mimi naungana na wanahisabati wengi wanaotaka baki isiwe hasi, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi kwenye saa. Ikiwa sasa ni saa 2 asubuhi na unataka kujua ilikuwa saa ngapi saa tano zilizopita, 2 - 5 ni -3, na -3 kwa 12 ni -1 baki 9. Ilikuwa saa 9 usiku. Baki ya -3 isingekuambia lolote linalosomeka kwenye uso wa saa.

Kompyuta zenyewe zinauonyesha uhusiano wa seti hizi mbili kwa namna ya kipekee. Baiti moja ina biti 8, yaani nafasi nane ambazo kila moja ni 0 au 1, na biti 8 zinaweza kupangwa kwa namna 256. Mtengenezaji wa programu huchagua: ama mipangilio hiyo iwakilishe namba nzima kuanzia 0 hadi 255, ama iwakilishe namba kamili kuanzia -128 hadi 127. Mpangilio wa biti nane zote kuwa 1 ni 255 katika uchaguzi wa kwanza na ni -1 katika uchaguzi wa pili. Umeme ni ule ule. Kilichobadilika ni seti ya namba tuliyokubaliana kusomea.

Uchaguzi huo una matokeo makubwa. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich, na waliouanzisha utaratibu huo walitumia namba kamili za biti 32, jambo linalowezesha hata tarehe za kabla ya 1970 kuandikwa, kwa namba hasi. Nusu ya mipangilio yote ilitumika upande hasi, na upande chanya ukaishia 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, pamoja na sekunde 7. Mashine ambayo bado itakuwa ikitumia biti 32 itaruka kutoka hapo hadi -2,147,483,648 na kusoma tarehe ya Desemba 1901. Zinazotumia biti 64 hazina tatizo hilo.

Kalenda nayo inatufundisha kwamba si kila kinachoonekana kuwa na pande mbili kinafuata namba kamili. Mwaka 1 K.K. ulifuatwa moja kwa moja na mwaka 1 B.K.; mwaka sifuri haupo. Kwa hiyo kutoka mwaka 5 K.K. hadi mwaka 5 B.K. ni miaka 9, ambapo anayetoa -5 katika 5 atapata 10 na kukosea. Wanaastronomia walilimaliza tatizo kwa kuuita mwaka 1 K.K. mwaka 0, na hivyo mwaka 5 K.K. ukawa -4. Sasa 5 - (-4) ni 9.

Limebaki swali moja, nalo huulizwa na wanafunzi wadadisi: je, namba kamili ni nyingi kuliko namba nzima? Kwa kuangalia mstari wa namba, mtu yeyote angejibu kwamba ni karibu mara mbili. Georg Cantor, aliyefundisha Halle nchini Ujerumani katika karne ya 19, alituonyesha namna ya kulijibu swali hilo kwa uangalifu: seti mbili zina wingi mmoja ikiwa kila kilichomo katika moja kinaweza kupewa mwenzake mmoja katika nyingine, pasibaki yeyote upande wowote. Zipange namba kamili hivi: 0, 1, -1, 2, -2, 3, -3 na kuendelea, kisha uzipe nafasi kwa namba nzima kuanzia nafasi ya 0. Sifuri inakaa nafasi ya 0, 1 nafasi ya 1, -1 nafasi ya 2, 2 nafasi ya 3, -2 nafasi ya 4. Namba hasi yoyote inakaa kwenye nafasi shufwa: ondoa alama yake, zidisha kwa 2, na umeipata nafasi yake, -50 iko nafasi ya 100. Namba chanya inakaa kwenye nafasi witiri: zidisha kwa 2 na utoe 1, 50 iko nafasi ya 99. Hakuna namba kamili iliyokosa nafasi, na hakuna nafasi iliyobaki tupu. Wingi wake ni mmoja.

Kilichopotea katika upangaji huo ni mfuatano wa ukubwa, kwani 2 imekaa kati ya -1 na -2, na hakuna ufundi utakaoweza kuurejesha. Orodha yoyote inayopewa nafasi kwa namba nzima ina wa kwanza wake, na orodha inayopanda kutoka ndogo kwenda kubwa ingelazimika kuanza na namba kamili ndogo kuliko zote, ambayo haipo.